Beetle ya zamani, matairi ya leo: badili mpira, usibadili kipimo

Peleka Volkswagen Beetle ya mwaka 1966 kwenye duka la matairi pale Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, useme unataka matairi manne mapya. Muuzaji atalizunguka gari, atainama asome maandishi ubavuni mwa tairi lililochakaa, kisha atakupa moja ya majibu mawili. La kwanza: "Saizi hii haipo siku hizi." La pili ndilo lenye hatari zaidi: "Usihangaike mkuu, tukufungie ringi za kisasa."

Jibu hilo la pili lina mvuto wake. Ringi za aluminiamu za inchi 17 zinang'aa dukani, matairi mapana yenye ubavu mfupi yameshapangwa, na bei ya jumla inazungumzika. Lakini wahenga walikwisha kuonya kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwenye gari la zamani kidonda hicho hujitokeza taratibu: usukani unakuwa mzito, beringi zinaanza kulia kabla ya wakati wake, madigadi yanakwanguliwa kwa ndani, na siku moja kwenye kona yenye maji nyuma ya gari inafanya jambo ambalo dereva hakulitarajia.

Hii haina maana kwamba mwenye gari la kale ang'ang'anie mpira wa kale. Gari la zamani linalotembea barabarani linahitaji tairi jipya lililotengenezwa kwa elimu ya leo, na kulinyima ni kuhatarisha watu. Kinachopaswa kulindwa ni kipimo: kimo cha tairi, upana wake, na mahali gurudumu linapokaa chini ya bodi. Wahandisi walioiunda Beetle walipiga hesabu zao zote kuanzia hapo.

Nyuzi zilizokatana na nyuzi zilizonyooka

Kuanzia Oktoba 1952, Beetle ilitoka kiwandani ikiwa na matairi ya kipimo cha 5.60-15. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha ringi. Yalikuwa matairi ya mfumo wa kale, ambamo tabaka za nyuzi zilipita mshazari zikikatana, moja ikielekea kushoto na nyingine kulia, kutoka ukingo mmoja wa tairi hadi mwingine. Tairi la namna hiyo ni gumu ubavuni na hupata joto kirahisi. Linapopita kwenye mikondo iliyochimbwa na malori barabarani, linaufuata mkondo badala ya kumfuata dereva.

Mwaka 1946 kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilisajili hataza ya muundo tofauti, na mwaka 1949 ikaanza kuuza tairi lililoitwa Michelin X. Humo nyuzi zinatoka ukingo hadi ukingo bila kukatana, na juu yake, chini ya kashata, unazungushwa mkanda wa nyaya za chuma. Ubavu ukawa laini na uso ukawa imara. Kwa kuwa ubavu unaweza kujikunja peke yake, uso wa tairi unabaki umelala barabarani hata gari linapokata kona. Tairi hilo hudumu zaidi, halichemki upesi, na breki hushika vizuri zaidi. Hili ndilo tairi la radiali, na leo karibu kila gari dogo linalouzwa duniani linalo.

Kwa Beetle, mrithi wa 5.60-15 ni tairi la radiali la 165 R15, ambalo sasa huandikwa 165/80 R15. Wapo pia wanaotumia 155/80 R15. Mtu aliyezoea matairi ya nyuzi zilizokatana akifunga haya kwa mara ya kwanza hudhani usukani umetengenezwa upya, kumbe kilichobadilika ni mpira tu. Gari linakwenda linakoelekezwa, na dereva haendi akilirudisha njiani kila baada ya mita kumi.

Onyo moja halina mjadala: usichanganye aina mbili kwenye ekseli moja. Na usifunge radiali mbele huku ukiacha matairi ya mfumo wa kale nyuma. Mbele itashika na nyuma itateleza, gari ligeuke lenyewe. Nchini Uingereza mpangilio huo umekatazwa na sheria.

Tairi huzeeka likiwa limesimama

Magari ya kale mengi hayatembei sana. Hutolewa Jumapili, siku ya harusi, au siku ya maonyesho kama yale ya Concours d'Elegance kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi. Kwa hiyo kashata zake hukaa miaka na miaka zikiwa bado nzito, na mwenye gari hujiona amebahatika. Hapo ndipo anapokosea, kwa sababu mpira huzeeka hata usipoguswa. Jua, joto na hewa yenyewe huukausha, ukapasuka mipasuko midogo ubavuni na kwenye mifereji ya kashata. Kwa gari linalolala nje Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, kazi hiyo huenda haraka zaidi.

Umri wa tairi umeandikwa ubavuni. Tafuta herufi DOT, ufuate mlolongo wake hadi tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000 na halifai kubeba mtu, hata kama kashata zake zimejaa. Watengenezaji wengi hushauri tairi lianze kukaguliwa kwa makini likifika miaka mitano au sita, na Michelin inashauri litolewe likifika miaka kumi hata kama linaonekana zima.

Somo hili linawahusu hasa wanaonunua tairi "jipya la stoo". Katika ukanda huu bado zinatembea hadithi za matairi ya General Tyre ya Arusha, au ya Yana kutoka Nairobi, yaliyosahaulika ghalani yakiwa na karatasi zake. Kiwanda cha Arusha kilisimamisha uzalishaji katika muongo wa 2000, na cha Nairobi kikafungwa mwaka 2016. Tairi kama hilo ni kumbukumbu nzuri ya kuwekwa ukutani. Barabarani lina ukongwe uleule wa tairi unalotaka kulitupa.

Hesabu ya dakika mbili

Muuzaji asiyekuwa na 165/80 R15 huwa nayo 195/65 R15 tele, maana ndiyo saizi ya Toyota Premio, Wish na magari mengine mengi yanayotoka Japani. Je, inafaa? Chukua karatasi.

Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. Ya tatu ni kipenyo cha ringi kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Kwa 165/80 R15, asilimia 80 ya 165 ni 132. Zidisha mara mbili, maana kuna ubavu juu na ubavu chini: 264. Ringi ya inchi 15 ni 381. Jumla ni milimita 645.

Kwa 195/65 R15 utapata 634.5. Tofauti ni milimita kumi na nusu, chini ya asilimia mbili. Kwa kimo, tairi la Premio linakaribia sana. Kinachokwamisha ni upana. Tairi la 195/65 huhitaji ringi yenye upana usiopungua inchi 5.5, na ringi ya asili ya Beetle ina inchi 4 au 4.5. Ukilibana kwenye ringi nyembamba, tumbo la tairi linavimba, uso wake haulali sawa barabarani, na ubavu unajikunja kupita ulivyokusudiwa. Tairi la 165/80, kwa upande wake, linakubali ringi ya inchi 4 hadi 5.5.

Sasa piga hesabu ya ile ringi ya inchi 17 iliyovalishwa tairi la 205/40, mtindo unaopendwa na vijana. Inatoka karibu milimita 596, pungufu kwa asilimia saba na nusu. Gari linashuka kwa karibu sentimita mbili na nusu, jambo ambalo kila tuta la barabarani litakukumbusha. Injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule, nayo ni injini inayopozwa kwa hewa, isiyo na rejeta ya kuisaidia. Spidomita nayo itadanganya: Beetle huchukua mwendo wake kwa waya uliofungwa kwenye habu ya gurudumu la mbele, hivyo ukibadili kimo cha tairi hilo umebadili saa ya mwendo. Itakapoonyesha 100, utakuwa unakwenda takriban 92.

Ubavuni kuna alama nyingine ya kusomwa: namba ya mzigo na herufi ya mwendo. Kwenye 165/80 R15 mara nyingi utakuta 87T. Namba 87 ina maana tairi linabeba kilo 545, na T ni mwendo wa hadi kilomita 190 kwa saa. Kwa Beetle yenye uzito wa kilo 800 hivi, hiyo ni akiba kubwa. Mwenye Kombi hawezi kujifariji hivyo. Gari lile likipakia abiria na mizigo huvuka tani mbili, na linahitaji tairi la ubavu ulioimarishwa, lenye herufi C, kama 185 R14 C. Tairi la gari dogo litaingia kwenye ringi bila shida, litaonekana limekaa sawa, na litapasuka kwenye joto la safari ndefu.

Matundu, bolti na kiti chake

Beetle za hadi karibu mwaka 1967 zina ringi ya bolti tano zilizopangwa kwenye duara pana la milimita 205. Duara hilo ni kubwa kiasi kwamba sehemu ya kati ya ringi iko wazi, na dramu ya breki yenyewe inaziba nafasi. Kuanzia toleo la 1968 zikaja bolti nne kwenye duara la milimita 130. Hakuna ringi ya Toyota au Nissan ya kawaida inayoingia kwenye mpangilio wowote kati ya hiyo miwili. Kwa hiyo anayekuahidi ringi za kisasa anakuahidi moja ya mambo matatu: kutoboa dramu upya, kutoboa ringi upya, au kuweka bamba la kubadilishia matundu katikati ya dramu na ringi.

Bamba hilo lina unene, mara nyingi sentimita mbili na zaidi, na unene huo unalisukuma gurudumu nje. Fundi atasema gari limekaa pana, limependeza. Anachoacha kusema ni kwamba kila sentimita unayolitoa gurudumu nje inaurefusha mkono unaozivuta beringi na viungo vya usukani. Shimo dogo ambalo zamani lilileta mtikisiko sasa linaunyang'anya usukani mikononi. Beetle haina pawa stelingi, na tofauti hiyo utaisikia mabegani.

Kuna jambo dogo zaidi ambalo limekwisha kung'oa magurudumu ya watu. Bolti za asili za Volkswagen zina kichwa cha mviringo kinachokaa kwenye kiti cha mviringo ndani ya ringi. Ringi nyingi za aluminiamu zinazouzwa madukani zina kiti cha umbo la koni. Ukifunga bolti ya mviringo kwenye kiti cha koni, inagusa kwa mstari mwembamba tu. Itakaza vizuri gereji, kisha italegea njiani. Urefu nao una hesabu yake: ringi nene inataka bolti ndefu, na bolti iliyozidi urefu inaweza kugusa vyuma vya breki ndani ya dramu. Ukishafunga ringi yoyote mpya, tembea kilomita hamsini hadi mia, kisha kaza tena.

Mwenye kutaka ringi pana kidogo bila kuharibu mpangilio ana njia ya halali. Wapo watengenezaji wa ringi za chuma za umbo lilelile la zamani, zenye matundu yaleyale, ila upana wake ni inchi 5.5. Ukipata hizo, 165/80 inakaa vizuri na 195/65 inakuwa ndani ya kanuni kwa kiwango cha chini kabisa. Hata hapo, kabla ya kulipa, geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili, pandisha gari kwa jeki na kulishusha, uone kama tairi linagusa popote.

Suala la tyubu

Ringi nyingi za zamani hazina lile tuta dogo la ndani linaloshika ukingo wa tairi usiteleze. Kwenye ringi kama hiyo, tairi lisilo na tyubu linaweza kuchomoka ukingo wake upepo ukipungua gari likiwa kwenye kona, na hewa yote ikatoka kwa pigo moja. Ringi yenye kutu nayo huvujisha hewa pembezoni hata uikaze vipi.

Kwa hiyo kwenye ringi ya aina hiyo tyubu bado ina kazi, lakini iwe tyubu iliyotengenezwa kwa tairi la radiali na kwa saizi hiyo. Kabla ya kuiingiza, fundi aondoe karatasi zote zilizobandikwa ndani ya tairi na apitishe mkono kuhisi uchafu, kwani karatasi moja inatosha kuisugua tyubu hadi ikatoboka. Ringi zenyewe zipigwe mchanga kutoa kutu, zikaguliwe nyufa karibu na matundu ya bolti, zizungushwe kuona kama zimepinda, ndipo zipakwe rangi.

Upepo wa mbele si wa nyuma

Ukimaliza yote hayo, bado kijana wa upepo anaweza kukuharibia kazi kwa nusu dakika. Mazoea yake ni kujaza paundi 32 kote. Beetle ina injini nyuma na mbele yake ni nyepesi, hivyo kiwandani iliandikiwa upepo usiolingana: kwa matairi ya radiali, gari likiwa na watu wawili, ni karibu paundi 18 mbele na 27 nyuma. Ukibeba familia, nyuma inaongezwa.

Tofauti hiyo ina sababu. Beetle nyingi za zamani zina ekseli za nyuma zenye kiungo kimoja tu kila upande, pale ekseli inapotoka kwenye giaboksi. Gari likikata kona kwa kasi, nyuma inaweza kujiinua na gurudumu la nje likajikunja kuingia chini ya bodi, likisimama kwa ukingo. Mbele ikiwa na upepo mdogo, inateleza kidogo kwanza na kumwonya dereva apunguze mwendo. Ukisawazisha upepo, umelifuta onyo. Na hapa ndipo tairi pana lenye kushika kupita kiasi linapokuwa adui: kadiri linavyoing'ang'ania lami, ndivyo nguvu ya kuiinua nyuma inavyozidi. Matairi membamba yalikuwa sehemu ya usalama wa gari hilo.

Usisahau tairi la akiba. Katika Beetle nyingi za kuanzia miaka ya 1960, maji ya kuoshea kioo yanasukumwa na hewa ya tairi hilo kupitia mpira mwembamba, na valvu huzuia lisiishiwe hewa kabisa. Mahali linapokaa, chini ya boneti mbele ya tangi la mafuta, pamekatwa kwa ajili ya tairi jembamba. Ukifunga matairi mapana manne, la tano litakosa pa kulala, na kioo kitakosa maji.

Ushahidi wa matope

Anayedhani tairi jembamba ni la wanyonge akumbuke mbio za Safari. Zilianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen Beetle ilishinda mwaka 1954, ikarudia 1957 na 1962, dhidi ya magari yenye nguvu zaidi. Zilikimbiwa msimu wa masika, kwenye udongo mwekundu unaogeuka uji. Kwenye matope, tairi jembamba hukata tabaka laini likafika chini kwenye ardhi ngumu, na kwenye lami yenye maji halielei upesi kama tairi pana. Hiyo ni faida ambayo mkazi wa jiji lenye mifereji iliyoziba anaihitaji kila Aprili.

Magari mengine

Kanuni ni ileile kwa wengine, ila bahati zinatofautiana. Mwenye Land Rover ya kale anayetumia 7.50-16 hana taabu, maana saizi hiyo bado inafungwa kwenye Land Cruiser za kazi. Mwenye Pijo 504 ya saluni anatafuta 175 R14, na akiwa na pikapu, 185 R14 C ya magari ya mizigo inapatikana. Mercedes W123 ilikubaliwa kiwandani kuvaa 175 R14 na 195/70 R14, kwa hiyo mwenye nayo ana uchaguzi halali. Wa Mini yenye ringi za inchi 10 na wa Datsun 1200 yenye inchi 12 ndio wanaoagiza kutoka nje.

Matairi ya kuagiza yapo. Michelin bado inatengeneza XZX ya 165 SR15 kwa ajili ya magari ya kale, na Vredestein ina Sprint Classic. Nje yana sura ya zamani, ndani ni mpira wa leo. Yana bei kubwa kuliko ya Premio, na usafirishaji unaongeza. Wenye Beetle wanaoishi mji mmoja hufanya vyema kuagiza pamoja, kisha kila mmoja akasoma tarehe ya DOT kabla ya kupokea mzigo wake.

Kama fedha haitoshi kwa yote, anza na matairi manne ya kipimo sahihi, yenye umri mdogo, kwenye ringi zako za asili zilizosafishwa. Kisha tyubu na valvu mpya, balansi na alaimenti. Rangi ya ringi na vifuniko vya kung'aa vitasubiri mwezi mwingine. Na atakayekushawishi ufunge inchi 17, muulize mambo matatu: kimo cha tairi hilo ni milimita ngapi, gurudumu litatoka nje kiasi gani, na bolti zake zina kiti cha aina gani. Akikujibu yote kwa namba, msikilize, huenda ni fundi wa kweli. Akikujibu kwamba litapendeza, mlipe hela ya upepo uliojaza, uondoke.